Hofu na Mashaka: Barua za Wafanyakazi wa Machimboni na Historia ya Kiswahili cha Maandishi

Historia ya Kiswahili cha maandishi imezoeleka kuandikwa kwa kufuata njia tatu. Ipo njia ya watunzi wa tenzi wa Pate, Lamu na Mombasa. Ipo njia ya wamisionari pamoja na sarufi na kamusi zao. Na ipo njia ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha kwa misingi ya Kiunguja. Njia zote tatu ni za kweli. Hata hivyo, zote zinampita kando mwandishi ambaye pengine aliandika Kiswahili kwa wingi kuliko wote katika karne ya ishirini, naye ni mfanyakazi aliye mbali na kwao anayeandika barua nyumbani. Mhadhara huu unamhusu huyo, na unamtazama akiwa mahali pamoja: katika mji wa machimbo wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania, ambako kwa takriban miaka kumi alifanya kazi pamoja na mwandishi mwingine wa barua, yaani mhamiaji kutoka Uingereza.

Ilembo leo ni mojawapo ya kata za mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa, ambao nao uliundwa mwaka 1974. Na wakati wa Waingereza ilihesabiwa katika Jimbo la Magharibi, lililotawaliwa kutoka Tabora. Ni nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, nchi ya miombo na ndorobo, ambayo kwa muda mrefu serikali ya kikoloni iliiona kuwa nchi ya malale tu. Lililobadili mtazamo huo ni jiwe. Katikati ya miaka ya 1930 yaligunduliwa madini ya risasi, yakiwa yamechanganyika na fedha, shaba na dhahabu. Kampuni ya Uruwira Minerals ikachimba mgodi wa Mukwamba, na ili mawe hayo yafike pwani, likajengwa tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua katika Reli ya Kati hadi Mpanda, likafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, mji ukabaki, na waliobaki wakageukia mambo mengine.

Mwingereza aliyekwenda kufanya kazi mahali kama hapo hakuwa lazima awe bwana mkubwa. Historia ya ukoloni imetuzoesha kumwona Mzungu akiwa gavana, mkuu wa wilaya au padri, lakini migodi ilihitaji watu wa aina nyingine: mafundi wa mitambo, wapimaji, wasimamizi wa zamu, watu waliolelewa katika nyumba za wafanyakazi na waliovuka bahari kwa sababu ya mshahara. Mfano mmoja unaojulikana, ingawa si wa Mpanda, ni George Rushby, aliyetoka Nottinghamshire, nchi ya makaa ya mawe. Aliwinda tembo, akachimbua dhahabu katika machimbo ya Lupa huko Chunya, kisha akaingia katika idara ya wanyamapori, ambako alijulikana kwa kuwaua simba wala watu wa Njombe katika miaka ya 1940. Mwaka 1965 alichapisha kitabu cha maisha yake. Wengi wa wenzake hawakuandika vitabu. Waliandika barua.

Njia ya barua hizo ilibadilika haraka. Mwaka 1931 ndege za shirika la Imperial Airways zilianza kubeba barua kutoka London hadi Mwanza, na mwaka uliofuata njia hiyo ilirefushwa hadi Cape Town kwa kupitia Dodoma na Mbeya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ikaingia karatasi nyembamba ya rangi ya buluu, inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Karatasi hiyo ilikuwa na mpaka: ukurasa na kipande, basi. Mtu asiye na mazoea ya kuandika aliupenda mpaka huo, kwa maana ulimpa ruhusa ya kumaliza.

Sasa, barua za watu wa namna hii zilikuwa na umbo gani? Jambo hili limechunguzwa vizuri zaidi kwa wahamiaji waliokwenda Marekani kuliko kwa waliokuja Afrika. Charlotte Erickson, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu wahamiaji wa Kiingereza na wa Kiskoti katika Marekani ya karne ya kumi na tisa, alikusanya barua za wakulima na mafundi. Msomaji wa barua za tabaka hilo hukutana tena na tena na ufunguzi ule ule: mwandishi anashika kalamu kuandika mistari hii michache, akitumaini itawakuta wenyeji wake katika afya njema kama inavyomwacha yeye kwa sasa. Wachimbaji wa Cornwall waliotawanyika duniani, wasichana wa kazi, askari, wote waliianza barua kwa mlango huo. Miaka mingi kabla ya Erickson, kati ya 1918 na 1920, Thomas na Znaniecki walichapisha utafiti wao mkubwa juu ya wakulima wa Kipoland waliohamia Marekani, wakaonyesha kwamba barua za wakulima hao zilikuwa za aina moja ya msingi. Huanza kwa salamu ya dini, hufuata taarifa kwamba kwa neema ya Mungu mwandishi ni mzima, hufuata kuwatakia wengine uzima, na humalizika kwa kuwainamia wanaukoo wote. Wataalamu hao waliiita barua ya kuinama. Kazi yake ya kwanza, walisema, haikuwa kupeleka habari; ilikuwa kuonyesha kwamba aliyekwenda mbali bado ni mmoja wa ukoo.

Yeyote aliyesoma shule ya msingi katika Tanzania au Kenya ataitambua barua hiyo mara moja. Lengo na madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ama kwa upande wangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Walimu wamezichapa sentensi hizi kwa kalamu nyekundu miaka nenda miaka rudi. Wahakiki wamezicheka. Imesemwa kwamba ni maneno matupu, kwamba ni dalili ya mwandishi asiye na la kusema, na hata kwamba ni kasoro inayotokana na elimu duni ya Mwafrika. Ushahidi wa Cornwall na wa Poland unatosha kuifuta hoja hiyo ya mwisho. Mwingereza wa mgodini na Mfipa wa mgodini, kila mmoja akiwa na karatasi yake mbele ya taa, walianza kwa maneno yanayokaribiana kama mtu na binamu yake. Hapakuwa na aliyemwiga mwenzake.

Asili ya kanuni ya Kiswahili iko pwani. Carl Büttner, aliyefundisha Kiswahili Berlin, alichapisha mwaka 1892 mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, zikiwamo barua, nazo zimejaa heshima ndefu kwa anayeandikiwa kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Neno la kuvukia lilikuwa «ama baada ya salamu», na hilo «ama» ndilo hilo hilo ambalo mwanafunzi wa bara, asiyejua herufi moja ya Kiarabu, huliandika leo katika «ama kwa upande wangu». Kanuni ilisafiri na makarani na walimu: wale wa Wajerumani, waliofanya Kiswahili kwa hati za Kirumi kuwa lugha ya ofisi za wilaya, kisha wale wa Waingereza. Gazeti la Kiongozi, lililotolewa Tanga hadi Vita Kuu ya Kwanza, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, yalichapisha barua za wasomaji kutoka kila pembe. Mtu wa Tabora au wa Bukoba alijifunza huko namna mtu aliyestaarabika anavyomwamkia mtu ambaye hamwoni.

Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya waandishi wetu wawili inapoanzia. Mwingereza alimwandikia mama yake kwa lugha ambayo mama huyo alimfundisha. Mfanyakazi aliyetoka Ufipa au Uha alimwandikia mama yake kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja kati yao aliyeinyonya. Sababu yake haina siri. Katika Tanganyika ya Waingereza, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya madarasa ya chini ya shule ya msingi. Aliyefika darasa la nne alikuwa amejifunza kuandika kwa Kiswahili. Kifipa, Kiha au Kibende alikisema tu. Zilikuwapo katekisimu na vitabu vya sala kwa lugha kadhaa za wenyeji, lakini kusoma sala ni jambo moja na kuandika «nimeugua mguu» ni jambo jingine. Hata misheni zenyewe zilikuwa mahali pa lugha nyingi. Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885, na kwa miaka mingi ilikusanya watu waliokombolewa utumwani kutoka makabila mbalimbali. Huko aliishi Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi ya mto Niger, aliyekombolewa akiwa mtoto na kusomea uganga Malta, kisha akawatibu watu wa Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Si rahisi kumpata mtu anayeonyesha vizuri zaidi kwamba eneo hili lilikuwa na wahamiaji wake kabla hata jiwe la kwanza la Mukwamba halijavunjwa.

Kwa hiyo kanuni ya salamu ilifanya kazi mbili kwa mkupuo. Ilikuwa barua ya kuinama, kama ile ya Mpoland. Vilevile ilikuwa daraja la kumvusha mtu kutoka lugha yake hadi lugha ya kuandikia, na mtu anayevuka daraja hulishika lilivyo, halifanyii mapambo.

Inafaa kuitazama kwa makini sentensi ya hofu na mashaka. Anayeisema ndiye aliye shimoni. Ndiye anayefanya kazi chini ya mwamba unaoweza kushuka, karibu na baruti, katika vumbi la madini ambayo kila daktari anajua kuwa ni sumu. Anayeambiwa yuko nyumbani, kwenye shamba lake. Kwa mantiki ya kawaida hofu ingepaswa kuelekea machimboni. Sentensi inaigeuza ielekee nyumbani. Kugeuza huko ni adabu, bila shaka, lakini pia ni ngao. Barua ya miaka ile haikusomwa kimya. Aliyeipokea mara nyingi hakujua kusoma. Kwa hesabu ya mwaka 1967, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika katika Tanzania walikuwa asilimia 67. Barua ilisomwa na mwalimu, katekista au mtoto wa shule, majirani wakiwa wameketi. Mtu hawezi kumtangazia mama yake hatari ya shimo mbele ya kijiji kizima, wala hawezi kutangaza kiasi cha fedha alichoweka. Kanuni ilimpa maneno ya kusema mengi bila kufichua lolote.

Kuna jambo la kisarufi pia. Mwingereza huandika kwamba barua inamwacha mzima «kwa sasa». Mswahili huandika «hadi ninapoandika barua hii». Zote mbili ni sentensi za mtu anayejua kwamba barua itachelewa, na kwamba uzima anaouapia ni wa siku ile tu. Wanafunzi wa njeo za kitenzi hawajaupa usemi huo uzito unaostahili: ni mojawapo ya mahali pachache ambapo msemaji wa kawaida anautenganisha kwa makusudi wakati wa kuandika na wakati wa kusomwa.

Msamiati wa machimboni nao ulileta taabu zake, na nyingine zinachekesha kidogo. Madini makuu ya Mpanda kwa Kiswahili ni risasi, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo hapo awali lilitaja metali hiyo, kisha likatumika pia kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki. Kwa watu wa bara, ambao wengi wao walikutana na bunduki kabla ya kukutana na mgodi, maana ya pili ndiyo iliyotangulia. Mtu akisema kwao kwamba kazi yake ni kuchimba risasi, msikilizaji ana haki ya kushangaa. Fedha nayo, ambayo ilitoka katika mwamba huo huo, ni metali na ni pesa. Mchimbaji aliyechimba fedha mwezi mzima angeweza kurudi bila fedha, na Kiswahili kinairuhusu sentensi hiyo bila kosa.

Neno «mshahara» lina hadithi ndefu zaidi. Limetokana na neno la Kiarabu la mwezi, kwa kuwa ni malipo ya mwezi. Lakini kazi ya kikoloni ilihesabiwa kwa kipande, kadi ambayo kila siku ya kazi ilitiwa alama, na malipo kutolewa zilipotimia siku 30 za kazi. Siku ya homa haikuhesabiwa. Siku ya mvua iliyosimamisha kazi haikuhesabiwa. Mwezi wa kipande ungeweza kula majuma sita au zaidi ya mwezi wa mbinguni. Aliyeahidi nyumbani kurudi baada ya miezi sita alikuwa anasema mwezi mmoja, na waliosikia walikuwa wanahesabu mwingine. Mtafiti anayekutana na neno «mwezi» katika maandishi ya vibarua, iwe wa machimbo au wa mkonge wa Tanga, hana budi kuuliza kwanza ni mwezi upi.

Wakati huo huo, Mwingereza wa mgodini naye alikuwa na Kiswahili chake. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, ambacho katika jina lake refu kilitaja waziwazi kwamba ni kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Ni jambo la kutia maanani kwamba mchimba madini alihesabiwa kuwa ana Kiswahili chake. Hiki kilikuwa Kiswahili kilichopunguzwa upatanisho, kilichojengwa ili kazi iende bila mkalimani. Kiini chake kilikuwa amri: lete, chukua, ngoja, upesi. Mukwamba basi palikuwa na Kiswahili cha aina mbili kwa wakati mmoja. Kimoja kilisemwa na msimamizi na kilikaribia kutokuwa na salamu kabisa. Kingine kiliandikwa jioni na aliyesimamiwa, nacho kilianza kwa salamu hata kabla ya kutaja sababu ya kuandika. Anayetaka kueleza kwa nini wasemaji wa bara walikipenda Kiswahili na kukifanya chao, ingawa kiliwafikia pia kwa sauti ya nyapara, atafute jibu katika hicho cha pili. Sera ya serikali na magazeti ya Dar es Salaam vilisaidia, lakini havikumfundisha mtu kumbembeleza mke wake kwa Kiswahili.

Maneno yalisafiri upande wa pili vilevile. Barua za Waingereza wa Afrika Mashariki hutaja safari, boma, shamba, posho, fundi, shauri na pombe bila kufasiri, kana kwamba kila nyumba ya Uingereza ilikuwa na mtu aliyewahi kuishi Tabora. «Safari» liliingia katika Kiingereza cha vitabu kupitia maandishi ya Richard Burton karibu na mwaka 1860. Hata hivyo, neno halihitaji mwandishi mashuhuri ili lizoeleke. Linahitaji shangazi anayeliuliza mara ya kwanza, na halafu haliulizi tena.

Linabaki suala la nani alihifadhiwa. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Oxford kilianzisha mradi wa kukusanya karatasi za watu waliotumikia makoloni: shajara, picha, barua walizowaandikia wazazi wao. Waingereza walitunza barua hizo kwenye masanduku, na mtu akaja kuyaomba masanduku. Barua ya Kiswahili iliyotoka Mukwamba kwenda kijijini ilikaa chini ya godoro au kwenye paa la nyasi, ikaliwa na mchwa, ikavutia tumbaku. Zilizosalimika ni zile zilizoandikwa kwa mamlaka, yaani maombi na malalamiko yaliyoingia katika mafaili ya wilaya na sasa yako katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Matokeo yake ni kwamba sauti ya mfanyakazi inasikika akiomba au akishtaki, na haisikiki akiwa anasalimu. Mjini Lubumbashi mambo yalikwenda tofauti kidogo: mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji ule wa shaba, na Johannes Fabian akaichapisha na kuifafanua mwaka 1990. Ni maandishi magumu, yasiyofuata tahajia ya mtu yeyote, na yana thamani kuliko tasnifu nyingi. Hata hivyo, hiyo nayo si barua ya nyumbani.

Kiswahili cha barua hizo hakikufa kwa kufungwa kwa mgodi. Kilipata redio, na kadi za salamu zilizosomwa hewani kwa orodha ndefu za majina hazikuwa ila barua ya kuinama iliyopata mitambo. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliongeza waandishi. Wakimbizi wa Burundi walioletwa Katumba, jirani na Mpanda, baada ya mauaji ya mwaka 1972, na baadaye Mishamo, walijifunza nao kuandika «hofu na mashaka», huku Kirundi kikibaki lugha ya nyumba. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa siku hizi wana simu, na huanza ujumbe kwa «mambo».

Jibu la barua lilifuata njia ile ile kwa kurudi nyuma. Bahasha iliandikwa kwa mkono wa mwalimu au wa padri, kwa sababu mama hakuwa na sanduku la posta. Mama alikaa akasema kwa Kifipa yale aliyotaka kusema: kwamba ng'ombe amezaa, kwamba fulani amekufa, kwamba fedha haijafika, kwamba arudi. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akachovya kalamu, na kabla ya ng'ombe na kabla ya marehemu akaandika kwa Kiswahili kwamba wao huku ni wazima, hofu na mashaka ni kwake yeye aliye mbali.